Nataka kuacha hospitali nifungue kliniki ya uanachama. Niruke sasa?

Barua

Shikamoo mshauri,

Mimi ni daktari wa familia hapa Texas. Udaktari nilisomea hukuhuku Marekani, na tangu 2022 nimeajiriwa na kampuni ya madaktari iliyo chini ya mfumo mmoja mkubwa wa hospitali, usio wa faida. Wagonjwa waliosajiliwa kwangu wanapita elfu mbili. Kila mmoja ana dakika kumi na tano, na nusu yake naitumia kutazama skrini. Usiku watoto wakishalala nafungua kompyuta kumalizia mafaili. Mume wangu husema alioa mke mmoja, akaletewa na kompyuta.

Mwaka jana nilimtembelea rafiki niliyesoma naye, yuko Kansas. Ana kliniki ndogo ya ile aina wanayoiita DPC: mwanachama analipa ada ya mwezi, hakuna bili inayopelekwa kwa kampuni ya bima, anaonwa leo au kesho, na simu ya daktari wake anayo. Wanachama wake ni kama mia tano. Ofisini ana kabati la dawa, anawauzia kwa bei ya jumla. Saa saba mchana nilimkuta ameketi anakula. Tangu hapo sina raha na kazi yangu.

Nataka kufungua ya kwangu, na barua ya kuacha kazi nimepanga kuipeleka mwezi ujao. Ada nimeweka dola 80 kwa mwezi kwa mtu mzima, na dola 25 kila anapokuja, ili watu wasije kwa kila mafua. Gharama za kliniki nimezikadiria dola 7,000 kwa mwezi: chumba, bima ya makosa ya kitabibu, programu ya mafaili na msaidizi wa nusu siku. Mshahara wa mume unalipa nyumba na chakula, lakini bila mshahara wangu kunabaki pengo la dola 3,000 kila mwezi. Humo mna 1,400 za mkopo wa shule, na nyingine ni pesa tunazotuma nyumbani kwa wazazi na karo za wadogo zetu. Akiba yetu ni dola 40,000. Mkopo ni wa serikali, umebaki 190,000. Nilijiandikisha kwenye ule mpango wa kusamehewa kwa wanaofanya kazi za umma. Nadhani imebaki mwaka na ushee, ila sioni kama nitavumilia.

Pengo nitaliziba kwa shifti za wikendi kwenye kliniki ya dharura ndogondogo. Wazee wangu wengi wenye Medicare, ile bima ya serikali kwa wazee, wameniambia watanifuata popote. Jumuiya yetu ya watu wa Afrika Mashariki nayo imesema itajiunga yote. Shemeji yangu mwenye malori yuko tayari kuweka dola 60,000 apewe asilimia thelathini, lakini anataka tuanze na jengo la maana na mashine ya eksirei. Mume anaogopa, anasema mkataba wangu una kifungu cha kunizuia kufanya kazi karibu na hapa. Na mama mkwe, aliyekuja na green card mwaka juzi, anataka awe mwanachama wa kwanza.

Nishauri, niruke?

Daktari Aliyechoka, Texas

Jibu

Marahaba daktari, na pole sana.

Kliniki fungua. Barua ya kuacha kazi usiipeleke mwezi ujao. Sababu umeitaja mwenyewe kwa sentensi moja ukaipita: huo mkopo.

Mpango unaouzungumzia, PSLF, unafuta deni lililobaki baada ya malipo 120 yanayokubalika, mradi wakati wa malipo hayo uwe mwajiriwa wa muda kamili wa serikali au wa shirika lisilo la faida. Kinachofutwa hakitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Siku utakayoanza kujiajiri kwenye kliniki yako ya biashara, hesabu inasimama. Kwa hiyo unachotaka kukinunua mwezi ujao ni mwaka mmoja wa nafuu, na bei yake ni karibu dola 190,000. Hakuna mshauri wa fedha atakayekuambia hiyo ni bei nzuri.

Najua utasema mwili umekataa. Basi sikiliza: kwa mpango huo, muda kamili ni wastani wa saa 30 kwa wiki. Hakuna aliyekuambia lazima uzifanye saa zote unazofanya sasa. Nenda kwa mkuu wako uombe upunguziwe siku, ubaki na saa 30 au 32 kwa wiki. Mshahara utashuka, akiba itakua polepole zaidi, lakini utapata siku nzima ya kulala, na nyingine ya kuandaa kliniki. Mwajiri akikataa, hapo tunaweza kuzungumza upya. Ila mpaka sasa hujaandika popote kwamba umewahi kuomba.

Neno lililonitia wasiwasi ni "nadhani". Ingia kwenye akaunti yako ya mkopo wa serikali uone idadi yenyewe, kwa sababu miezi ambayo malipo yalisitishwa mara nyingi haihesabiwi. Hakikisha pia mwajiri amesaini fomu ya kuthibitisha ajira yako. Kwa Texas hili lina kona yake: hospitali nyingi haziruhusiwi kumwajiri daktari moja kwa moja, ndiyo maana umeajiriwa na kampuni iliyo pembeni. Tangu Julai 2023 kanuni za mpango zinawatambua madaktari waliozuiwa na sheria ya jimbo kuajiriwa na hospitali isiyo ya faida. Hata hivyo, itake saini hiyo mkononi kabla hujamwambia mtu yeyote kazini kwamba unaondoka.

Sasa tuone hesabu, maana huo mkopo umeingia hata humo. Tuseme unapata wanachama wapya kumi kila mwezi, ukishatoa wanaoondoka. Wapo wanaofanya vizuri zaidi ya hapo, wapo ambao kumi wanaisikia tu. Kwa ada ya dola 80, ili ulipe gharama za kliniki na pengo la nyumbani unahitaji wanachama 125, na utawafikia mwezi wa kumi na tatu. Miezi kumi na miwili ya kabla ya hapo itakula dola 57,600, na hujanunua hata kitanda cha kupimia. Akiba yako ni 40,000. Mkopo ukishafutwa, pengo la nyumbani linashuka hadi 1,600. Hapo unahitaji wanachama 108, na njiani unakula kama dola 42,000. Ongeza hapo ulichoweka akiba katika mwaka wa kusubiri, na kliniki inaanza kupumua bila pesa ya mtu.

Lakini hata hapo shifti utazihitaji, na mpango wako ulivyo una mtego ambao madaktari wengi wanaugundua wakishasaini.

Mtu mwenye Medicare huruhusiwi kumtoza ada yako kwa huduma ambazo Medicare inazilipia, mpaka wewe binafsi uwe umejitoa Medicare rasmi kwa hati ya kiapo, na uwe umesainiana naye mkataba wa binafsi. Kutojisajili na Medicare hakutoshi. Wale walio kwenye mipango ya Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima, nao wamo humohumo. Kujitoa ni kwa miaka miwili miwili, kunajirudia kwenyewe usipotoa taarifa angalau siku 30 kabla ya muda kuisha, na anayejitoa kwa mara ya kwanza ana siku 90 tu za kubadili mawazo. Na kunakufuata wewe kila uendako, hakuishii kwenye mlango wa kliniki yako. Jumamosi ukiwa kwenye ile kliniki ya dharura, mzee wa miaka 70 akija na kidonda cha kawaida, wao hawawezi kuidai Medicare kwa kazi yako. Wakishalijua hilo, kwa nini wakupe shifti?

Wazee wako na shifti zako, basi, haviendi pamoja. Mimi ningechagua hivi: mwaka wa kwanza usiandikishe mtu yeyote mwenye Medicare, endelea na shifti, na mwanachama anayekaribia miaka 65 mwambie mapema. Wanachama wakishatosha kukulisha, achana na shifti, kisha jitoe. Kama wewe ni daktari mshiriki wa Medicare, yaani uliyesaini kukubali bei zake kuwa malipo kamili, kujitoa kunaanza mwanzo wa robo ya mwaka tu, na hati ifike angalau siku 30 kabla, kwa hiyo tarehe iwekee alama kwenye kalenda. Ukishajitoa bado utaweza kuwaandikia wazee hao vipimo na kuwapeleka kwa mabingwa, na Medicare ikalipa huko. Wapo madaktari wanaojitoa siku ya kwanza na kutafuta shifti kwenye hospitali za maveterani au magereza, ambako kazi yao haidaiwi Medicare. Inawezekana, ila ni lazima uwe na kazi hiyo mkononi kwanza.

Mumeo yuko sahihi kuhusu kifungu cha kutoshindana. Ile kanuni ya serikali kuu ya 2024 ya kufuta vifungu hivi nchi nzima iliangushwa mahakamani, na hapohapo Texas, kwa hiyo usiitegemee. Ila Texas ina sheria yake kwa madaktari. Tangu zamani kifungu lazima kikupe nafasi ya kujinunua utoke, na mwajiri hawezi kukunyima orodha ya wagonjwa uliowaona ndani ya mwaka wa mwisho. Sheria mpya iliyoanza tarehe 1 Septemba 2025 imebana zaidi: kizuizi kisizidi mwaka mmoja, kisizidi maili tano, na bei ya kujinunua isipite mshahara wako wa mwaka mzima. Inahusu mikataba iliyosainiwa au kuhuishwa tangu tarehe hiyo. Wako ni wa 2022. Je, unajihuisha wenyewe kila mwaka? Hilo ndilo swali la kumpelekea mwanasheria wa mikataba ya madaktari, na pesa utakayomlipa itarudi. Akusomee pia mambo mawili zaidi. Moja, kama mkataba unakuzuia kufanya kazi nyingine ukiwa bado mwajiriwa. Pili, nani analipa bima ya mkia, ile inayokulinda dhidi ya madai yatakayoletwa baada ya kuondoka kwa kazi uliyofanya ukiwa hapo. Mara nyingi inagharimu kuliko bima ya mwaka mzima, na kwenye bajeti yako sijaiona.

Shemeji. Hapa sheria imekuokoa na ugomvi wa ukoo: Texas hairuhusu asiye daktari kumiliki sehemu ya biashara ya udaktari. Asilimia thelathini hapati, na mumeo pia usimwandike kuwa mbia. Anaweza kukukopesha, kwa maandishi, kwa riba na tarehe za kulipa, na mkopo huo usifungwe na faida ya kliniki. Kuhusu jengo na eksirei, mwambie habari ya Qliance ya Seattle. Ilianza 2007, miongoni mwa walioianzisha akiwamo daktari Garrison Bliss, mmoja wa waasisi wa mtindo huu, na ilipata pesa za watu kama Jeff Bezos na Michael Dell. Ilifungwa 2017. Pesa nyingi za wawekezaji zinataka kukua haraka, na kliniki ya namna hii inakua mgonjwa kwa mgonjwa. Kodi chumba kimoja au viwili ndani ya ofisi ya daktari mwingine. Eksirei ipo mtaani, wanachama wako wataipata kwa bei ya pesa taslimu ukiwapigania.

Zile dola 25 za kila ziara ziondoe. Tangu Januari 2026, mtu mwenye akaunti ya akiba ya afya, HSA, anaweza kuwa mwanachama wa DPC bila kupoteza haki ya kuichangia, na ada yenyewe anaweza kuilipa kutoka humo. Masharti ni kwamba ada isizidi dola 150 kwa mwezi kwa mtu mmoja au 300 kwa familia, na huduma hiyo ilipiwe kwa ada ya vipindi pekee. Ukianza kutoza kila ziara umewaharibia. Na mwaka huohuo, mipango ya bima ya ngazi ya shaba, ile ya ada ndogo, inayouzwa kwenye soko la serikali imehesabiwa kuwa inafaa kwa HSA. Dereva wa lori anayejitegemea sasa anaweza kuwa na bima ya shaba kwa ajili ya hospitali, HSA, na wewe. Wateja wako wako hapo: madereva, wenye saluni, kampuni ndogo zenye wafanyakazi wanane. Wapo pia wazazi wanaokuja kutembea bila bima yoyote, ambao wengi wetu huwa tunawaficha ndani na presha zao tukiomba Mungu visa iishe salama. Tena kila mkataba utamke waziwazi kwamba uanachama si bima. Sheria ya Texas ya 2015 inayoulinda mtindo huu inataka mgonjwa aambiwe hivyo kwa maandishi.

Kabati la dawa la rafiki yako lisahau. Hiyo ni Kansas. Texas inambana daktari kwenye kuuza dawa, nje ya kiasi cha haja ya papo hapo na nafuu kidogo kwa maeneo ya mashambani. Tafuta duka la dawa lenye bei nzuri mkubaliane.

Jumuiya "itajiunga yote", umesema. Naijua jumuiya hiyo, nami nimo. Miezi mitatu kabla ya kufungua, weka fomu ya kujiandikisha yenye ada na tarehe ya kuanza, halafu hesabu waliojaza. Waliokushangilia kwenye arusi usiwahesabu. Bei iwe moja kwa wote, na anayeomba punguzo kwa sababu mmetoka wilaya moja umwambie bei ni ya kliniki. Simu yako binafsi wasipewe. Wape namba ya kliniki na programu ya ujumbe iliyotengenezwa kwa ajili ya siri za wagonjwa. WhatsApp haifai, na sheria ya faragha ya Texas ni pana kuliko ya nchi nzima, haijali kama unatumia bima au hutumii. Ukiruhusu kundi la WhatsApp mara moja tu, utakuta picha ya kipele cha mtu iko kati ya tangazo la msiba na la harambee.

Lipo moja linalonikwaza, nalo nilitaje: ukiwa na wanachama mia tano, zaidi ya elfu moja na nusu unawaacha, na madaktari wa familia hawatoshi tangu hapo. Wenye mtindo huu hujibu kwamba daktari aliyechoka akaacha kazi kabisa hamwoni mtu yeyote. Ni jibu la kweli, ila si jibu lote. Angalau anza mapema kuwatafutia pa kwenda wale wenye sukari na moyo, kwa majina, kabla barua yako ya kuondoka haijawafikia.

Mama mkwe, kwa kuwa hana miaka mitano ya ukaazi na bila shaka bado hana Medicare, sheria haimzuii kulipa ada. Lakini maadili ya chama cha madaktari wa Marekani, AMA, yanashauri daktari asiwatibu watu wa familia yake ya karibu, nami nakubaliana nayo. Mtafutie mwenzako mwenye kliniki kama yako, umlipie wewe hizo dola 80. Kuna maswali ya afya ambayo mkwe hamuulizi mama mkwe, na kuna majibu ambayo hata ukimuuliza hatakupa.